Huo mkanda wa jimu unauvalia nini hasa?

Kila nikikaa maskani na mtu akajua kama nnapiga vyuma, suala la kwanza huwa nnanyanyua kilo ngapi na la pili huwa hili la mkanda, ule mpana wa kufunga kiunoni ukinyanyua chuma kizito, avae au asivae. Na wenyewe walioko jimu ndo wabishi zaidi maana kila mmoja kashika lake, huyu anakwambia bila mkanda siku moja mgongo utakatika pale pale, yule anakwambia mkanda ni wa wavivu na ukiuzowea tumbo linalala halifanyi kazi tena, na wote wawili wanasema kwa uhakika utadhani wamesomea. Mie nnavaa. Ila siuvai kama wanavyouvaa wengi, na sababu ninayouvalia siyo hiyo ya kulinda mgongo inayotajwa kila siku.

Ingia jimu yoyote hapa mjini Unguja baada ya magharibi, iwe ile yenye kiyoyozi na vioo ukuta mzima au ile ya uani ya shafti ya gari na madebe ya saruji, humkosi jamaa mmoja aliyeingia na mkanda ushafungwa tokea nyumbani. Anapasha mwili nao, anakunja baisepsi nao, anavuta kebo nao, anakaa kwenye benchi anajibu simu nao, na akimaliza anatoka nao mpaka kwa muuza juisi ya miwa. Hilo halinikeri, mkanda wake na pesa yake. Linalonikera ni pale anapofika kwenye skwati yenyewe, kule kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani, ndo mahala pa mkanda hasa, utamuona anavuta pumzi juu juu kifuani, mabega yanapanda mpaka masikioni, tumbo kalivuta ndani, baina ya tumbo na ngozi ya mkanda unapita mkono mzima, kisha anashuka na chuma. Hapo mkanda haufanyi kitu. Kauvaa lakini hautumii.

Ngoja nieleze kidogo maana hapa ndo penye mzizi wa ubishi wote. Uti wa mgongo pale kiunoni una pingili tano, na tofauti na kule juu kifuani hazina mbavu za kuzizunguka, mbele yake kuna tumbo tu na tumbo ni laini. Ukiweka kilo mia mabegani kinachozuia kiuno kisijikunje ni misuli iliyolizunguka tumbo pande zote pamoja na presha ya ndani ya tumbo lenyewe. Unavuta pumzi ndefu, kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinashuka chini, unaizuia pumzi na kukaza misuli, presha ndani inapanda, tumbo linakuwa gumu na kiwiliwili kizima kinasimama kitu kimoja. Hiyo kila mtu anaifanya bila ya kufundishwa, akisukuma gari iliyozima au akiinua upande mmoja wa kabati. Sasa mkanda unakuja kuongezea hapo. Chukua tyubu ya baiskeli uijaze upepo nje ya tairi, itavimba tu na ukiibonyeza inabonyea, itie ndani ya tairi uijaze upepo ule ule inakuwa ngumu mpaka inabeba watu wawili na gunia. Tairi haikuongeza upepo, imeuzuia tu usipate pa kukimbilia. Na tairi bila ya upepo ndani, kila aliyewahi kukokota baiskeli yenye pancha kutoka Bububu mpaka mjini anajua faida yake.

Kwa hiyo mkanda haukamati mgongo kwa nyuma. Wengi wanadhani ile ngozi ngumu ndo inauegemeza mgongo, ndo maana ile mikanda ya bei rahisi unaikuta nyuma pana sentimita 15 hivi alafu mbele imekuwa kijikamba, kumbe kazi kubwa iko mbele na ubavuni pale tumbo linaposukuma. Mtengenezaji kauza kile mnunuzi anachokifikiria.

Na haya si maneno ya barazani, yamepimwa tokea zamani. Mtafiti Lander na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliwapima watu presha ya ndani ya tumbo huku wanapiga skwati, na kwenye mkanda presha ilipanda zaidi kuliko bila mkanda. Mwaka 2001 Zink na wenzake nao wakawapa wanaume skwati ya asilimia 90 ya uzito wao wa mwisho, mara na mkanda mara bila, kwenye mkanda chuma kilipanda kwa kasi zaidi lakini ule umeme wa misuli ya kiwiliwili na miguu waliokuwa wakiupima haukuonesha tofauti ya maana. Hiyo ya mwisho isome mara mbili wewe unaesema tumbo linalala. Misuli ilikuwa kazini vile vile. Mtu anaevaa mkanda kwa kila zoezi kila siku, hajawahi hata mara moja kujifunza kukaza tumbo bila ya ngozi, huyo kweli atakuwa na tumbo lisilojua kazi yake, lakini hata kabla ya mkanda lilikuwa halijui.

Upande wa pili, wale wa "mkanda unalinda mgongo", nao hawana pa kushika. Marekani kulikuwa na kipindi makampuni yakiwavalisha mikanda wafanyakazi wao wa kubeba mizigo, mabohari na maduka, kila mtu kiuno kimefungwa. NIOSH, ile taasisi ya serikali yao inayoshughulikia usalama na afya kazini, ikapitia ushahidi uliokuwepo na mwaka 1994 ikasema hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mikanda ile inazuia mfanyakazi mzima asiumie, na wakaingiwa na wasiwasi kuwa mtu akishavaa anajiona kalindwa akaenda kubeba zaidi ya kiwango chake. Baadae wakafuatilia wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka makubwa, wale wanaoteremsha na kupanga bidhaa, matokeo yakachapishwa mwaka 2000 kwenye lile jarida la madaktari, JAMA. Wanaovaa kila siku na wasiovaa, kuumia mgongo ni mamoja. Najua mtu atasema ile mikanda yao ni ya kitambaa cha kuvutika na wanavaa kutwa nzima, siyo ngozi ya milimita 10 kwa seti moja ya skwati, na ni kweli, mie sisemi utafiti ule unahukumu mkanda wa jimu moja kwa moja. Nasema tu lile wazo la kuvaa mkanda kama kinga ndo lilipimwa pale kwa watu wengi kuliko pahala pengine, na halikutoka salama.

Na hapa petu tuna wataalamu wa mizigo wasiokwenda jimu. Mahamali wa bandarini Malindi na wa Darajani, na kule Pemba msimu wa karafuu wale wanaopakia magunia. Utawaona baadhi yao wamejifunga shuka kiunoni, na nshawasikia watu wa jimu wakiwatolea mfano, ati hata mahamali wanafunga, wao wamejuaje. Basi mie nna ami yangu kafanya uhamali Malindi ujana wake wote, nikenda kumuuliza.

"Ami, ile shuka mkiifunga kwa ajili ya mgongo?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mgongo gani, baba! Suruali nlikuwa nayo moja na ilikuwa ya kaka yangu, bila ya shuka ingenivuka mbele za watu. Na ukishatua mzigo unaifungua unajifutia jasho."

Nikamuuliza mgongo mkiulinda vipi basi. Akanambia gunia huliinui peke yako kutoka chini, wawili wanalipandisha wanakuwekea begani ushasimama, yako wewe ni kutembea tu, na mtu akijitia ushujaa wa kuliokota mwenyewe wenziwe wanamkataza maana akivunjika kiuno kazi yake inawaangukia wao. Mie nilikenda kutafuta habari za shuka nikarudi na hiyo, na ina maana zaidi, kwa sababu shughuli yote ya dedilifti ni hilo walilokuwa wakilikwepa wao, kuinua kutoka chini peke yako.

Wenye nguvu kweli kweli wa dunia wao hawakubaliani na ubishi wetu. Konstantīns Konstantinovs wa Latvia alivuta dedilifti ya kilo 426 mwaka 2009 bila mkanda, kiuno kitupu. Hafþór Björnsson wa Iceland akavuta 501 mwaka 2020, na mkanda. Nani kati ya hao utamwambia hana tumbo au hana mgongo? Mwenye kuzowea kukaza bila mkanda anaweza kufika mbali mno, ila wengi tukiongezewa pa kusukumia tunapata kilo kidogo za ziada au marudio mawili matatu ya ziada kwa uzito ule ule, na hizo za ziada ndo zinazojenga nguvu mwezi hadi mwezi. Kwangu mie hiyo ndo sababu ya mkanda, nnataka kunyanyua zaidi. Mgongo nnaulinda kwa kuchagua uzito ninaouweza na kusimamisha seti pale mwendo unapoanza kuharibika, na hayo mawili hayauzwi dukani.

Sasa anaetaka kuvaa aanze wapi? Aanze bila mkanda, na hapa siongei juu ya wiki moja. Miezi ya mwanzo jifunze tumbo kwanza. Simama, weka vidole vyako ubavuni, pale laini baina ya mbavu ya chini na mfupa wa nyonga, kisha kohoa. Umevisikia vidole vilivosukumwa nje? Hiyo ndo misuli unayoitaka. Sasa vuta pumzi kwa pua uipeleke chini, usiipeleke kifuani, mpaka vidole vya ubavuni visukumwe na mbele pia pasukumwe na hata nyuma kiunoni uhisi pamejaa, alafu kaza pale pale kama... hapana, sina mfano, kaza tu, utajua. Zuia pumzi, shuka, panda, ukipita ile sehemu ngumu toa pumzi kidogo kidogo, ukifika juu vuta mpya. Hilo likishakuwa mazowea, skwati na dedilifti zako zina mwendo unaofanana rudio la kwanza na la mwisho, na uzito ushakuwa mzito kweli kwako, hapo mkanda una kitu cha kuongezea.

Mie kwenye skwati seti zote za kupasha nnapiga bila. Mkanda nnautoa kwenye begi chuma kikishapita kama asilimia 80 ya kile ninachoweza mara moja, nnaufunga, nnapiga seti, nnaulegeza hapo hapo. Dedilifti hivo hivo. Presi ya juu ya kusimama, ile ya kusukuma chuma juu ya kichwa, ikiwa nzito pia nnavaa maana pale watu wanajipinda kiuno kwa nyuma mno na mkanda unanikumbusha. Basi. Baisepsi, mabega ya dambeli, kebo, mashine za kukaa, sioni kazi yake. Benchi presi kuna wanaovaa kwa sababu zao za mashindano, mie sivai na sijawahi kukosa usingizi kwa hilo.

Kufunga kwenyewe watu wanakosea pahala pawili. Kwanza mkanda wanauvaa chini sana, wanauweka pale unapokaa mkanda wa suruali, wakati unatakiwa ukae baina ya mbavu na nyonga, na kwenye dedilifti wengi inabidi waupandishe kidogo zaidi maana wakiinama unawabana mfupa wa nyonga ukaacha alama wiki nzima. Pili ni kukaza. Kuna anaeubana mpaka hawezi kuvuta pumzi, uso umekuwa mwekundu kabla hajashika chuma, huyo kajinyima kile kile alichokuja kukitafuta kwa sababu tumbo halina nafasi ya kujaa. Ukae umebana lakini kidole kinapita ukiwa umetoa pumzi, na ukivuta pumzi tumbo ndo liujaze. Wewe ndo unausukuma mkanda, usisubiri ukusukume.

Sasa nije kwenye jambo ambalo jimu zetu halizungumzwi kabisa na ni kubwa kuliko yote niliyosema, presha ya damu. Ukizuia pumzi na kukaza chini ya uzito mkubwa presha inapanda vibaya sana, kwa muda mfupi lakini vibaya. Mwaka 1985 MacDougall na wenzake waliwachukua wajenga mwili, wakawatia kipimo ndani ya mshipa wa damu, wakawaambia wasukume legi presi nzito kwa miguu miwili. Wastani ulifika 320 kwa 250. Mmoja alipita 480 kwa 350. Wewe ambaye daktari anakuonya ukisoma 150 kwa 95, zilinganishe hizo namba. Mtu mwenye mishipa mizima mwili wake unavumilia na presha inashuka mara tu seti ikesha, ila mwenye presha isiyotibiwa ni habari nyengine, na mkanda haupunguzi hilo, unabana na kukaza zaidi. Na hapa petu presha iko kila nyumba, wangapi wamekuja kujua wanayo siku waliyopelekwa hospitali. Kwa hiyo kama ushapita arubaini, au kwenu presha imerithiwa, au ukimaliza seti kichwa kinagonga na macho yanaona nyota, kabla ya kununua mkanda nenda kapime, duka la dawa wanapima, haichukui hata dakika tano. Ikiwa iko juu zungumza na daktari, na mazoezi usiyaache, punguza uzito, ongeza marudio, toa pumzi wakati wa kusukuma, mkanda weka pembeni. Kuna wazee jimu yetu wanafanya hivo na wana miguu kuliko vijana.

Alafu mshipa. Ukimwambia mtu mzima wa Unguja au Pemba kuwa unabeba vyuma neno la kwanza ni "utakuja kupata mshipa", na kuna vijana wanavaa mkanda kwa khofu hiyo hiyo, ngiri isitoke. Ngiri inatoka pale ukuta wa tumbo ulipo dhaifu, na kwa wanaume mara nyingi ni kinenani, na kinena kiko chini kabisa ya mkanda, ngozi yako haifiki kule. Presha ya ndani ya tumbo mkanda unaizidisha, haiondoi. Mwenye kijivimbe kinenani kinachotokeza akikohoa na kurudi akilala, huyo suala lake siyo mkanda gani, suala lake ni daktari, na vyuma vizito visubiri.

Kina dada nao. Jimu tunayokwenda wanawake wana saa zao asubuhi, na mke wangu anapiga dedilifti huko, na mkanda anao wake mwenyewe, mwembamba kidogo kuliko wangu maana kiwiliwili chake kifupi na ule mpana ulikuwa unamgota mbavu na nyonga kwa pamoja. Siku ya kwanza kaurudisha nyumbani kaanika kibarazani, bibi wa nyumba ya pili akauliza huo mkaja gani wa ngozi, na mtoto yuko wapi. Tulicheka sana siku ile. Lakini suala wanalomuuliza wenziwe jimu kila siku siyo hilo, wanamuuliza kama unapunguza tumbo. Jamani. Ile mikanda ya raba inayouzwa kila kona, unaivaa tumbo linatoka jasho chepe chepe, ni kitu mbali kabisa na mkanda wa vyuma, na hata hiyo ya raba inachotoa ni maji, ukenda nyumbani ukanywa bilauri mbili za maji uzito umerudi. Mafuta ya tumbo hayayayuki kwa kubanwa. Mkanda wa vyuma kwa mwanamke unafanya kazi ile ile unayofanya kwa mwanamume, basi, na mwenye mimba asivae kabisa, na aliyejifungua karibuni asirukie vyuma na mkanda mpaka daktari wake aseme sawa, hata kama mkaja wa bibi kaumaliza siku zote.

Ukishaamua kununua. Vipimo vya mashindano vinasaidia hata kama huendi kushindana, shirikisho la pawalifti la kimataifa, IPF, linaruhusu upana usiozidi sentimita 10 na unene usiozidi milimita 13, na wale wa kunyanyua vya Olimpiki, IWF, upana usizidi sentimita 12. Mie ningekwambia chukua sentimita 10 upana ule ule mbele na nyuma, unene milimita 10. Wa 13 ni mgumu, mwezi wa mwanzo unakutoboa ubavu, na kwa uzito wanaobeba wengi wetu hauongezi kitu cha kuonekana. Wa nailoni wa kubandika na velkro ni rahisi na mwepesi na kwa wanaopiga klini na snachi, minyanyuo ile ya Olimpiki, unakaa vizuri maana unajikunja, ubaya wake velkro hapa petu ikishaingia vumbi na jasho inaanza kuachia, na kuachia kwenyewe hakuchagui wakati. Na kipimo pima kwa futi ya fundi cherehani pale penye kitovu, usitaje saizi ya suruali, watu wengi wakiagizia ndugu aliyeko Dubai au Muscat wanataja saizi ya suruali kisha mkanda unakuja unafika kwenye tundu la mwisho.

Kuna wa bakoli, ya pini na matundu kama mkanda wa suruali, na wa leva. Leva ni raha, unabana mara moja tap, ukimaliza unafyatua. Lakini leva kuibadilisha saizi unahitaji bisibisi ufungue skrubu usogeze, na hapo ndo mie nnasema kwa Mzanzibari bakoli ya pini moja ni bora, na sababu ni Ramadhani. Mwezi unapoanza kiuno kipo pale pale, ukifika kumi la kati tumbo limepungua na leva imelegea, siku ya pili umealikwa kufuturu muhogo wa nazi na tambi na maharage na sambusa, unakwenda jimu baada ya tarawehe leva haifungi. Utatembea na bisibisi mfukoni mwezi mzima? Bakoli unaruka tundu moja mbele au nyuma umemaliza. Na kwa vile nshataja tarawehe, skwati nzito na mkanda juu ya tumbo la futari usijaribu kabla ya saa mbili kupita, ile presha yote niliyoieleza inasukuma na kilichomo tumboni pia, na njia yake ya kutokea ni juu. Mie Ramadhani nnapunguza uzito na mkanda unakaa kwenye msumari siku nyingi.

Mwisho utunzaji, maana ngozi na hewa ya kisiwani hawapatani. Masika ukiuacha mkanda kwenye begi siku tatu unautoa na ukungu wa kijani, na bakoli ikiwa si chuma kizuri kutu inaanza kwenye pini. Ukimaliza mazoezi ufute jasho kwa kitambaa kikavu, utundike pahala penye upepo, juani usiuweke maana unapasuka. Ukungu ukishaota futa kwa kitambaa chenye siki kidogo kisha uache ukauke kivulini. Pini na leva zipake tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi kwenye ngozi msipake, nshamuona mtu kafanya hivo, mkanda ukalainika ukawa unajikunja kiunoni, na mende wakaupenda.